Benzi, BM na Upande wa Kushoto

Ikonge, Nyamira
Jumapili, 2 Machi 2025

Kwa Bathsheba, mke wa mwanangu,

Salamu kutoka Ikonge. Mvua imeanza, majani chai yanachipua, na mama yenu Bosibori ni mzima. Barua hii anakuletea Phanice akirudi kazini huko mjini.

Utashangaa nakuandikia badala ya kupiga simu. Simu ni ya misiba, na ya kuuliza kama huko kumenyesha. Jambo nililo nalo lina maelezo. Na nakuandikia Kiswahili, si kwa sababu nilikifundisha miaka thelathini na mmoja, bali kwa sababu kwa Ekegusii nisingejua pa kuanzia. Chinsoni, miiko yetu ya heshima, unazijua: baba na mke wa mwana hawaketi bega kwa bega, hawataniani, wala mmoja hataji mwili wa mwenzake. Lakini sijasikia chinsoni zilizokataza gari kutajwa. Basi tuzungumze gari.

Walter alinipigia kutoka Doha wiki jana. Badala ya kuniuliza hali, akaniambia ile BM aliyokuachia hapo Nyanchwa inaishinda Benzi yangu kwa kila kitu: mbio, kona, breki. Mtoto niliyemfundisha mwenyewe kushika usukani. Benzi yangu ni 240D ya mwaka 1982, imemzidi yeye umri na adabu. Nataka hukumu, na hakimu ni wewe, maana kazi yako ni kufundisha watu udereva.

Haraka yangu unaijua. Phanice anaolewa tarehe 24 Agosti katika kanisa la hapo Nyanchwa. Nimeapa mbele ya wazee wa kanisa kwamba kitinda mimba wangu hatapanda gari la kukodi. Nitamwendesha mwenyewe kutoka Ikonge mpaka mlango wa kanisa. Sasa tangu Februari Benzi inavuta kushoto. Nikiinyoosha inanyooka, nikiisahau inarudi huko huko, na sipati raha.

La pili si la gari. Mama yenu, aliyeketi kiti cha nyuma na Biblia yake miaka thelathini, siku hizi anaketi mbele na kuongea toka langoni mpaka kanisani. Ng'ombe yule, bodaboda ile, mama yule wa kikapu. Namwambia anyamaze. Ananyamaza mpaka kona inayofuata.

Ni mimi,
Sylvanus Nyangau, mwalimu mstaafu


Nyanchwa, Kisii
9 Machi 2025

Baba,

Nimepokea barua yako kwa heshima, na nimecheka peke yangu jikoni hadi Kemuma akauliza kuna nini. Nimemwambia babu yake na baba yake wanagombana juu ya gari, akasema wanunue moja kila mtu. Hajui kwamba ndiyo shida yenyewe.

Sitatoa hukumu kabla ya kuendesha gari zote mbili siku moja, njia moja. Lakini hii ya Walter naijua. Ni 318i ya 1989, na usukani wake hauna subira: ukigeuza kidogo tu, imeshageuka. Kwa lami kavu inapanda mlima wa Nyanchwa na kukata kona zake bila kuinama. Shida yake ni mvua. Ukikanyaga mafuta katikati ya kona, mkia unataka kupita mbele. Mwanafunzi wangu siwezi kumpa.

Benzi niliendesha mara moja tu, ile siku ya mazishi ya shangazi. Nakumbuka usukani mkubwa ambao unaugeuza kidogo kabla gari haijaamua kukusikia. Lakini ikishaamua, haibadilishi mawazo. Na mashimo inayameza yote.

Sasa niambie: inavuta ukishika breki, au wakati wote? Ikiwa ni breki tu, kuna upande unaoshika kuliko mwingine. Ikiwa ni wakati wote, ni upepo wa tairi ama magurudumu hayajanyooka. Mpelekee Manasseh, yule fundi wa Masimba. Hana maneno mengi lakini gari inamsikia.

Na barua yako, Baba, imeanza katikati ya karatasi. Upande wote wa kushoto ni mweupe. Nilidhani umeniachia nafasi ya kusahihisha, lakini nani anasahihisha mwalimu?

Wako kwa heshima,
Bathsheba


Ikonge
30 Machi 2025

Kwa Bathsheba,

Kwanza, gari linavuta, si gari inavuta. Hata likiwa bovu lina ngeli yake.

Pili, ile nafasi ya kushoto kwenye karatasi inaitwa pambizo. Barua yenye adabu huwa na pambizo.

Tatu, Manasseh. Alikaa na Benzi siku mbili. Akapima upepo, akanyoosha magurudumu, akabadilisha vyuma viwili vya usukani vilivyochoka. Kisha akanipakia, akaiendesha kuelekea Keroka huku ameachilia usukani, mikono mapajani, na Benzi ikaenda kama mstari uliopigwa na rula. Nikamshukuru. Nikaichukua, na kabla sijafika Ikonge ikawa imeshaanza tena. Mbele ya fundi inajifanya malaika.

Wiki jana lori la majani chai lilinibana nikiingia langoni, Benzi ikagusa nguzo. Taa ya mbele imepata ufa. Si kitu kikubwa, naandika ili usisikie kwa watu.

Sasa tumalize ubishi. Jumapili ya tarehe 13 Aprili leta BM hapa. Barabara ni moja: Ikonge hadi Kebirigo na kurudi, mlima, mteremko, na kile kipande cha murram kisicho na lami. Wewe utaendesha gari zote mbili, nami nitaendesha zote mbili. Sharti ni moja: abiria wa kuongea asiwepo. Mama yenu atabaki nyumbani.

Unaona, nimeandika gari zote mbili. Maradhi yako ya ngeli yanaambukiza.

Ni mimi,
Sylvanus Nyangau


Nyanchwa
16 Aprili 2025

Baba,

Asante kwa siku ile, na mwambie Mama matoke yalifika yakiwa moto. Nimemwandikia Walter matokeo, na wewe nakuandikia sawasawa na yeye, ili asiseme nimependelea.

Kupanda Kebirigo, BM imeshinda. Ilifika juu na kungoja wakati Benzi ilikuwa bado inatafakari gia ya tatu. Kona za lami, BM tena. Kuteremka, Benzi: ukiiweka gia ya pili injini yenyewe inaishikilia, breki unaigusa tu. Murram yenye maji, Benzi bila kesi. BM ilinifanya nishike usukani kwa mikono yote miwili na kuomba. Breki zenyewe, BM inasimama karibu, lakini Benzi inasimama bila kukutupa mbele.

Hayo ni nilipoendesha mimi. Ulipoendesha wewe niliketi nyuma yako, inavyopasa, na kiti cha mbele kushoto kilikuwa kitupu kama ulivyotaka. Benzi ilivuta kushoto. Na BM pia ilivuta kushoto. Hicho kioo cha pembeni kilichobaki kwa kibanda cha ndizi usikifikirie, Walter hatasema kitu.

Nimefikiri sana kwa nini gari mbili zivute upande mmoja. Nadhani ni barabara, Baba. Barabara huinama kushoto kidogo ili maji yaende mtaroni. Labda ni hivyo.

Hukumu ya mwisho nitaandika nikitulia. Kwa sasa sijatulia.

Bathsheba


Ikonge
27 Aprili 2025

Kwa Bathsheba,

Ubarikiwe. Barabara. Mimi mwalimu mzima nalaumu gari miezi mitatu, kumbe ni barabara. Nimeshaandika barua ya kurasa mbili kwa ofisi ya barabara ya kaunti nikiwaeleza kwamba njia ya Ikonge imeinama, na kwamba mkwe wangu, mtaalamu wa udereva, ameipima kwa magari mawili ya Kijerumani. Jina lako nimelitaja kwa heshima.

Tangu nijue, nina amani. Dawa nimeipata: nakaa katikati ya barabara. Ukikaa katikati, mwinamo haukupati. Wanaokuja mbele wanapiga honi, lakini wanahama.

Mama yenu amesusa. Sabato mbili sasa hajaingia ndani ya Benzi. Anatembea na mwavuli wake, kilomita nne kwenda na nne kurudi, na ukimuuliza anasema miguu inataka mazoezi. Mwanamke wa miaka sitini na minane. Labda nilimwambia anyamaze mara moja zaidi ya ilivyofaa.

Kwa kuwa kiti chake kiko wazi, mwambie mjukuu wangu Kemuma kwamba siku ya harusi atakaa mbele na babu, amevaa nguo yake ya maua. Na shule zikifungwa Agosti nitakuja kumchukua mwenyewe hapo Nyanchwa. Sitaingia ndani, nitapiga honi langoni.

Hesabu nimepiga: zimebaki Sabato kumi na saba. Siwezi kungoja. Naota usukani.

Ni mimi mwenye furaha,
Sylvanus Nyangau


Ikonge
4 Mei 2025

Bathsheba mtoto wangu,

Ni mimi Bosibori nasema, Phanice anaandika. Nasema Kiswahili ya soko kwa sababu maneno hii juu ya bwana yangu, kwa Ekegusii mdomo inakataa.

Mimi sikususa gari. Mimi nilichoka. Tangu mwezi ya pili mimi ndio jicho yake ya kushoto. Nikisema ng'ombe, anakata usukani. Nikinyamaza, anagonga. Ile nguzo ya lango hakuna lori. Nilipiga chafya. Nilipiga chafya moja tu, kufungua macho, nguzo iko ndani ya taa.

Chai anamwaga kando ya kikombe. Kuku anakanyaga. Yeye hasemi, na mimi sisemi. Baba akijua mimi najua, ataenda kukaa kitandani angoje kufa. Huyo mtu hana kitu ingine anaringia, ni gari tu na Kiswahili.

Ndani ya gari hata kuomba siwezi kufumba macho. Naomba macho wazi. Nilifikiri nikikataa kuingia, atakataa kwenda. Akaenda peke yake. Sasa natembea kwa barabara nasikiliza kama kuna kishindo mbele. Nikisikia honi, moyo inaruka. Miguu haina shida. Ni masikio imechoka.

Mwambie wewe. Wewe ni mwalimu ya magari. Usiseme ni mimi.

Bosibori

Wifi, ni Phanice. Mimi sikujua haya mpaka leo, na nimeandika nikilia. Mimi sitaki Benzi. Hata nikienda kanisani kwa miguu ni sawa. Nataka baba afike.


Nyanchwa
7 Mei 2025

Baba,

Barua hii nimeiandika mara nne, na tatu nimezichana.

Nilikudanganya kuhusu barabara. Ni kweli barabara huinama kushoto, lakini zote huinama, na Manasseh aliachilia usukani juu ya barabara hizo hizo. Nilisema uongo kwa sababu ulikuwa rahisi na ukweli ulinishinda. Sasa wewe unaendesha katikati ya barabara kwa sababu yangu, na mimi siwezi kukaa chini. Nafundisha mtu kurudi nyuma huku ninasikiliza simu.

Pale kazini, gari likisumbua tunabadilisha dereva, dereva akisumbua tunabadilisha gari. Siku ile tulifanya yote mawili bila kupanga. Magari mawili, moja la dizeli na moja la petroli, moja laini na moja gumu, yametengenezwa na watu ambao nadhani hata salamu hawapeani. Nilipoendesha mimi, yote yalikwenda sawa. Ulipoendesha wewe, yote yalikwenda kushoto. Wewe ni mwalimu, Baba. Jibu la hesabu hiyo siandiki mimi.

Baada ya kibanda cha ndizi kulikuwa na mama mwenye kikapu cha majani chai. Alirukia mtaroni. Wewe uliendelea kunieleza springi za Benzi. Niligeuka nikamwona kwa dirisha la nyuma anaokota majani kwenye matope. Ningekuwa kiti cha mbele ningeshika usukani. Sikuwa mbele kwa sababu mimi ni mke wa mwanao, na sikusema neno kwa sababu hiyo hiyo. Ile heshima yetu ilikuwa karibu kumuua mtu, na naona haya kuliko unavyodhani.

Kwa hivyo nitataja gari peke yake, kama tulivyoanza. Gari lina taa mbili za mbele. Moja ikizimika, dereva huchelewa kujua, kwa sababu ile nyingine bado inamulika njia. Anayejua ni yule aliye upande wenye giza.

Naomba taa ya kushoto ikapimwe. Siyo ya Benzi.

Hapa mjini kuna daktari, anapima Jumatatu na Jumatano. Phanice atakupeleka, mimi sitaingia. Wanasema taa moja ikiwahiwa, ya pili inaweza kubaki ikiwaka.

Mpaka ipimwe, Kemuma hatapanda gari hilo. Hilo nalisema kama mama yake. Ukikasirika, nikasirikie mimi.

Bathsheba


Nyanchwa
1 Juni 2025

Baba,

Sijapata jibu. Phanice anasema unakwenda soko la Ikonge mara mbili kwa siku na hununui kitu.

Kila mgeni akibisha langoni naogopa kufungua. Kila nikiona gari la rangi ya maziwa kama Benzi yako nageuka, hata mwanafunzi akiwa kwa usukani. Jana mmoja aliniuliza, mwalimu, unatafuta nini nyuma?

Niandikie hata kunitukana.

Bathsheba


Ikonge
29 Juni 2025

Kwa Bathsheba,

Barua yako ya Mei niliisoma mara moja nikampa mama yenu awashie moto. Siku kumi sikutaja jina lako. Nilisema, huyu ni mtoto wa watu, nimemtolea ng'ombe, leo ananiandikia mambo ambayo hata Walter asingethubutu. Nikaendesha zaidi. Nilikwenda sokoni pasipo haja, kukuonyesha wewe ambaye hukuwepo kuona. Siku moja bodaboda alinipita akanitukana kwa mama yangu, na mimi sikujua nimemfanyia nini. Hilo ndilo lilinirudisha nyumbani.

Nikaiegesha Benzi ikitazama migomba. Unaijua ile nyota iliyo mbele juu ya boneti. Walter alikuwa akiniuliza kwa nini siwezi kuizoea BM, na sikumwambia: BM haina nyota, nami miaka yote hii nimeilenga barabara kwa nyota. Nikazima injini, nikashika usukani. Nikafumba jicho la kushoto. Nyota ipo. Nikafungua, nikafumba la kulia, na nyota ikazimika. Ikazimika pamoja na boneti, na migomba, na mkono wangu mwenyewe juu ya usukani.

 Mama yenu akaja kuniuliza kama gari limekataa kuwaka. Nikamwambia gari halina neno. Akaingia akaketi mbele na mimi. Safari hii hakusema chochote, na ndipo nilipoelewa kwamba alijua.

Daktari amesema ni presha ya macho. La kushoto halirudi. La kulia limeanza kuliwa upande wa pua, yaani kushoto tena, lakini nikitia dawa asubuhi na jioni maisha yangu yote, lililobaki linaweza kubaki. Aliniuliza kama ninaendesha gari. Nikasema ninafundisha Kiswahili.

Usiku ule nililala kwa Phanice, maana nyumba ya mwanangu siingii, unajua. Phanice akaniletea uji wa wimbi, akasema ameupika yeye. Phanice hajui kupika uji wa wimbi. Nimekushukuru bila kusema, na sasa nasema.

Inaniuma, Bathsheba. Niliapa mbele ya wazee wa kanisa, na mimi si mtu wa kuapa ovyo. Nikiipita Benzi uani naigeuzia uso kama mtu mwenye kosa.

Kukuomba siwezi. Nitakupa masharti, masharti ni mepesi kuliko maombi. Tarehe 24 Agosti utaendesha Benzi, si BM. Mteremko wa Kebirigo ni gia ya pili, usisikilize wanaokupigia honi nyuma. Utailenga barabara kwa nyota. Mama yenu atakaa mbele upande wa kushoto, na ataongea, utamvumilia. Mimi nitakaa nyuma yake. Kemuma katikati. Phanice akae kulia kwangu, nimwone.

Ufunguo umo ndani ya bahasha hii. Nimeufunga kwa karatasi ili usipige kelele njiani.

Sylvanus Nyangau


Ikonge
31 Agosti 2025

Kwa Bathsheba, dereva,

Mama yenu amenikunjia karatasi upande wa kushoto, kidole kijue pa kuanzia. Hii sasa ndiyo pambizo. Ile ya kwanza ilikuwa uongo.

Nyumba imekuwa kimya tangu harusi ipite. Dawa natia. Benzi nimeifunika turubai, lakini Ijumaa mchana mama yenu aliifunua nikaiwasha kwa ule ufunguo ulionirudishia baada ya harusi, tukaisikiliza mpaka injini ikapata joto, tukaizima, na itakuwa hivyo kila Ijumaa. Hilo daktari hakulikataza.

Nina hukumu ya kutoa. Hakimu alishakuwa dereva, kwa hiyo kesi imenirudia mimi. Kwanza niseme kwamba sikuwahi kuketi nyuma ndani ya gari langu. Sikujua kwamba kiti cha kushoto kina waya uliotoboa kitambaa. Mama yenu alikalia waya huo miaka thelathini na hakuniambia. Nilipomuuliza, akasema nilikuwa naendesha vizuri, hakutaka kunikatiza.

Uliposhika njia nilikaa na wasiwasi wangu mkononi. Kila ulipobadilisha gia, mguu wangu ulikanyaga klachi isiyokuwepo. Phanice alikuwa pale kulia kwangu, amevaa nyeupe tupu, nikamwona mzima mzima, hata machozi aliyokuwa akiyaficha kwa ajili ya poda. Lakini sikuweza kutulia.

Tulipoanza mteremko wa Kebirigo mama yenu akaanza. Akasema, "Bodaboda, kushoto." Nikangoja umwambie anyamaze, kama nilivyokuwa nikimwambia. Wewe ukasema, "Nimeiona, Mama." Akasema, "Ng'ombe." Ukasema, "Nimemwona, Mama." Akasema, "Mtoto, mtoto huyo," nawe ukajibu vile vile, sauti ile ile, kama mtu anayeitikia sala. Baada ya hapo hakusema tena. Nilidhani amekasirika. Nikainama nimchungulie kwa jicho langu hili.

Alikuwa amelala. Mama wa bibi harusi, kilemba kipya kimeegemea kioo, mdomo wazi mbele ya mjukuu wake. Tangu Februari mwanamke yule hakuwahi kufumba macho ndani ya gari lile, hata kwa kuomba. Miezi yote ile alikuwa akinionyesha njia, nami kazi yangu ilikuwa kumnyamazisha.

Basi mwandikie Walter. Mwambie BM ina mbio, inakata kona, na inapanda Kebirigo bila kuhema, hayo nayakubali kwa maandishi. Lakini Benzi imeshinda, kwa sababu mama yake alilala ndani yake kutoka Kebirigo mpaka mlango wa kanisa. Akibisha, usibishane naye. Aje amwendeshe mwenyewe.

Ni mimi,
Sylvanus Nyangau, abiria